Ambari na Mlo wa Vilindini

Historia ya elimu ya wanyama wa baharini huanzishwa mara nyingi na wataalamu wa Ulaya. Mimi naona ianzie pwani, kwenye biashara ya ambari, kwa sababu bidhaa hiyo ya manukato na dawa ilibeba ndani yake ushahidi wa mlo wa nyangumi anayezama vilindini zaidi kuliko karibu wanyama wote wanaovuta hewa. Katika karne ya 10 msafiri wa Kiarabu Al-Masudi, aliyefika Qanbalu, kisiwa ambacho wengi hukidhania kuwa Pemba, aliandika kwamba ambari bora ilitoka pwani ya Zanj, yaani Afrika Mashariki. Alieleza kuwa samaki mkubwa huimeza, akafa na kuelea, kisha wenyeji humvuta kwa vyusa na kamba, wakampasua na kuitoa tumboni.

Atatokea wa kusema kwamba maelezo hayo yaligeuza mambo juu chini, kwani nyangumi hamezi ambari bali hujitengenezea mwenyewe utumboni. Ni kweli, ila kosa lilikuwa la tafsiri. Kilichoonwa na waliompasua mnyama kilikuwa sahihi, ilhali wasomi waliendelea kwa karne nyingi kubishana kama ambari ni utomvu wa chemchemi ya chini ya bahari au kinyesi cha ndege. Mwaka 1783 daktari Franz Schwediawer aliwaeleza wanasayansi wa London kuwa inatoka kwa nyangumi, akitegemea ushuhuda wa wavuvi na vipande vya ambari alivyovikagua. Ndani yake mlikuwa na midomo myeusi, migumu, iliyopinda kama ya kasuku. Ni midomo ya ngisi: nyama yao laini huyeyuka tumboni, midomo hubaki.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Mdomo wa ngisi huonyesha kilicholiwa, hauonyeshi kililiwa kwenye kina gani. Jibu la hilo nalo lilitokana na watu wa kazi. Mafundi wa meli za kutengeneza nyaya za telegrafu walivuta juu nyaya zilizowanasa nyangumi wakafa humo, na mwaka 1957 mwanajiolojia wa bahari Bruce Heezen alikusanya kumbukumbu za visa 14 vya aina hiyo, kimoja kikiwa kwenye kina cha mita 1,100 hivi. Fiziolojia imeeleza jinsi kuzama kwa kina hicho kunavyowezekana: misuli ya nyangumi huyu ina mayoglobini nyingi mno, protini inayohifadhi oksijeni na kuifanya nyama iwe karibu nyeusi; moyo hupunguza mapigo; na mapafu hubanwa na shinikizo la maji bila kupasuka. Hivyo aweza kukaa chini zaidi ya saa moja akiwinda gizani.

Kwa hiyo sidai kwamba wavuvi na mafundi walijua yote. Nadai kuwa kila hatua ya elimu hii ilianza mikononi mwao, na wasomi walifika pale tu walipowauliza. Historia inayowaacha nje haijakamilika, na utafiti wa leo wa bahari yetu utapungukiwa vivyo hivyo ukiwapita wavuvi.