Moli, Masi na Wingi: Historia ya Dhana ya Moli na Funzo Lake kwa Istilahi za Kemia za Kiswahili

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza kemia hupewa mapema kanuni moja fupi: gawanya masi ya dutu kwa masi yake ya moli, upate idadi ya moli. Gramu 36 za maji zikigawanywa kwa gramu 18 kwa moli huwa moli 2. Hesabu hiyo haizidi kiwango cha shule ya msingi. Kinachowakwamisha wengi ni maneno. Swali likiuliza "kiasi" cha maji, je, linataka gramu, lita au moli? Kiswahili cha kila siku huruhusu majibu yote matatu.

Makala haya yanafuatilia historia ya dhana ya moli tangu 1808 hadi 2019. Yanadai kwamba utata huo haukuanzia katika Kiswahili: wanakemia wa Ulaya waliishi nao kwa nusu karne, na walipoutatua, suluhisho lilitoka katika mihtasari ya masomo na vitabu vya maabara kuliko katika kura za mikutano. Funzo hilo linahusu moja kwa moja nchi zetu, ambazo sasa zinapanua nafasi ya Kiswahili katika elimu.

2. Nusu karne ya mkanganyiko, 1808–1860

Mwaka 1808 John Dalton alichapisha nadharia yake kwamba kila elementi ina atomi zenye uzito wake maalumu. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kupima atomi moja, alilinganisha uzito wa elementi zinapoungana, akiipa hidrojeni thamani ya 1. Ili kufanya hivyo ilimlazimu kukisia idadi ya atomi katika kila mchanganyiko. Kwa maji, alikisia atomi moja ya hidrojeni na moja ya oksijeni. Vipimo vya wakati wake vikampa oksijeni ya 7. Vipimo bora vya baadaye, kwa kisio lile lile, vilitoa 8. Leo twajua kuwa ni 16, kwa sababu molekuli ya maji ina atomi mbili za hidrojeni. Kosa halikuwa la mizani bali la hesabu ya idadi.

Ufunguo ulipatikana mapema. Mwaka 1811 Amedeo Avogadro alipendekeza kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika halijoto na kanieneo sawa, zina idadi sawa ya molekuli. Pendekezo hilo halikukubaliwa kwa miongo kadhaa. Wakati huo kila shule ya kemia ilitumia mfumo wake wa uzito: maji yaliandikwa kwa fomula tofauti, na August Kekulé, katika kitabu chake cha 1861, aliweza kuorodhesha fomula 19 zilizotumiwa kwa asidi ya asetiki pekee.

Septemba 1860 wanakemia zaidi ya mia moja walikutana Karlsruhe, Ujerumani, ili kukubaliana juu ya maana za atomi, molekuli na ekwivalenti. Kwa lugha yetu, ulikuwa mkutano wa istilahi. Uliisha bila mwafaka wa kufunga mjadala. Hata hivyo, washiriki waligawiwa kijitabu cha Stanislao Cannizzaro, kilichokuwa kimechapishwa 1858, ambacho ni muhtasari wa kozi aliyoifundisha Genoa. Ndani yake Cannizzaro alitumia kanuni ya Avogadro, hatua kwa hatua, kupata uzito wa molekuli na kisha wa atomi. Miongoni mwa waliohudhuria walikuwa Lothar Meyer na Dmitri Mendeleev, ambao baadaye kila mmoja aliunda jedwali la elementi kwa kutegemea thamani hizo mpya. Muhtasari wa mwalimu ulifanya kazi ambayo mjadala wa ukumbini haukuikamilisha.

3. Neno linazaliwa

Neno "moli" lenyewe lilikuja baadaye. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wilhelm Ostwald alianza kutumia neno la Kijerumani Mol, lililofupishwa kutokana na neno la molekuli, kwa maana ya uzito wa molekuli ukielezwa kwa gramu. Hapa pana kinaya cha kihistoria: wakati huo Ostwald alikuwa na shaka kuhusu kuwapo kwa atomi. Kwake moli ilikuwa fungu la masi, si hesabu ya chembe. Mwaka 1909 Jean Perrin, ambaye majaribio yake yalisaidia kuiondoa shaka hiyo, alipendekeza idadi ya molekuli zilizo katika moli iitwe kwa jina la Avogadro.

Moli ikawa na sura mbili, masi na idadi. Mwaka 1971 iliingizwa katika Mfumo wa Kimataifa wa Vipimo kama kizio cha msingi, ikifungamanishwa na idadi ya atomi katika gramu 12 za kaboni-12. Fasili iliyoanza kutumika tarehe 20 Mei 2019 ilikata kamba hiyo ya masi: moli ni chembe 6.02214076 × 10²³ kamili. Baada ya zaidi ya karne moja, idadi ndiyo iliyoshinda.

4. Kuhesabu kwa mizani

Wazo hili si geni katika biashara ya pwani. Miti ya mikoko iliuzwa kwa korija, yaani miti ishirini. Korija ya fito na korija ya boriti zina idadi sawa, lakini uzito wake haulingani. Moli ni korija kubwa mno, na masi ya moli ni uzito wa korija moja ya dutu fulani. Naye fundi anunuaye misumari kwa kilo anahesabu kwa mizani, kwani akijua uzito wa msumari mmoja anajua amepata mingapi.

Tanuri la chokaa linaonyesha faida yake. Kalisi kaboneti ina masi ya moli ya gramu 100 hivi. Ikichomwa hutoa kalisi oksidi (gramu 56) na kaboni dioksidi (gramu 44). Kilo 1,000 za kaboneti safi ni moli 10,000. Kila moli moja hutoa moli moja ya chokaa, kwa hiyo hupatikana moli 10,000, sawa na kilo 560. Masi imepungua, lakini idadi ya moli imelingana. Asiyetenganisha dhana hizo mbili hawezi kueleza zilikokwenda kilo 440.

5. Uchaguzi wa istilahi

Historia hii inatoa vigezo vitatu. Kwanza, "uzito wa molekuli" ni urithi wa karne ya 19. Kwa kuwa fizikia hutumia uzito kwa maana ya kani, kemia ibaki na "masi". Pili, kivumishi cha Kiingereza na Kifaransa kikitoholewa kuwa "mola" kitagongana na jina la Mwenyezi Mungu. "Masi ya moli" inaeleweka na inafuata sarufi yetu. Tatu, dhana inayopimwa kwa moli ifaa iitwe "wingi wa dutu" badala ya "kiasi cha dutu", kwa sababu wingi humkumbusha mwanafunzi kuhesabu, kama ulivyo wingi wa nomino.

Suala hili halingoji. Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, na mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha ufundishaji wake wa lazima. Walimu wa ukanda huu wametoka katika mapokeo ya Kiingereza na ya Kifaransa. Pasipo uamuzi wa pamoja, kila upande utatohoa kwa njia yake, nasi tutarudia miaka ya kabla ya Karlsruhe.

6. Hitimisho

TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na kazi za aina hiyo ni msingi wa lazima. Lakini orodha haifundishi peke yake. Makala haya yanapendekeza kwamba kila istilahi ya kemia inayosanifiwa kikanda iambatane na mifano ya hesabu iliyokokotolewa hadi mwisho na kujaribiwa darasani kabla ya kuidhinishwa, na kwamba Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iratibu kazi hiyo kwa kuanza na dhana chache za msingi, moli ikiwa ya kwanza.