Radi Moja Si Kifuku

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za jua kali na tufani za radi katika nchi ya katikati, yaani Dodoma na nchi zilizo kando yake: Mpwapwa, Kongwa, Bahi, Manyoni na Kondoa. Mtu asiyepata kufika huko huidhani Ugogo kuwa nchi ya vumbi, mibuyu na kiu, basi. Lakini jina lenyewe la Dodoma latokana na tope. Wazee husimulia ya kuwa hapo kale tembo alikwenda kijitoni kunywa maji, miguu yake ikazama asiweze kujinasua. Watu walipomwona wakasema kwa Kigogo, "Idodomya," maana yake, amezama. Ndivyo mji wa nchi kavu ulivyopata jina la kuzama.

Hadithi hiyo yafaa kuwa mlango wa mazungumzo yetu. Katika nchi hiyo ukame na gharika hukaa nyumba moja, na mara nyingi mmoja hutoka asubuhi na mwingine akaingia jioni. Tena twasema mapema neno tunalotaka mlishike: radi moja si kifuku. Kifuku ni majira ya mvua. Watu wengi waliopata hasara katika nchi hiyo, wenyeji na wageni, walipata hasara kwa kuidhani tufani ya siku moja kuwa ndiyo majira yenyewe.

Kwanza tutazame jinsi mambo yanavyokwenda. Dodoma ni nchi ya juu, mita 1,100 hivi kutoka usawa wa bahari. Upepo utokao Bahari ya Hindi huja na unyevu mwingi, lakini kabla ya kufika Ugogo hukutana na milima ya Uluguru, Ukaguru na Rubeho. Hapo hupanda, hupoa, na kumwaga mvua yake upande wa mashariki. Ukishuka upande wa pili umekwisha kuwa mkavu. Kwa sababu hiyo Dodoma hupata mvua ya inchi 22 tu kwa mwaka, au milimeta 570 hivi, na karibu yote huanguka kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine ni kiangazi.

Mwezi wa Oktoba jua hupita juu ya vichwa vya watu wa Dodoma likielekea kusini. Majani yamekwisha liwa na ng'ombe, miti mingi imepukutisha, na ardhi i tupu. Jua huichoma ardhi, nayo ardhi huichoma hewa. Kwa kawaida Novemba ndio mwezi wa joto kupita yote. Mchana joto hufika wastani wa digrii 31 hivi za Selsiasi, na siku nyingine huzidi sana. Visima hushuka, ng'ombe hukonda, na watu hutazama mbinguni.

Ndipo, mvua zikikaribia, hewa yenye unyevu huanza kuingia. Hewa hiyo ikipata joto la ardhi hupanda juu kwa nguvu, nayo hugeuka wingu jeusi refu kama mlima. Ndani ya wingu matone ya maji na chembe za barafu husukumana na kugongana, na kwa kugongana huko nguvu ya umeme hujikusanya, mwisho hutoka kwa mmweko. Ngurumo ni sauti ya hewa iliyopashwa moto ghafula na umeme huo. Upepo wa baridi hushuka mbele ya mvua ukiinua vumbi. Kisha mvua humwagika, pengine na mawe ya barafu. Baada ya saa moja au mbili jua hutoka tena. Kijiji kimoja kimelowa, na cha jirani hakikupata hata tone.

Basi tazameni mtego uliopo hapo. Twazoea kusema, "Dalili ya mvua ni mawingu," na methali hiyo ni kweli. Lakini wingu la tufani ni dalili ya mvua ya leo. Halisemi neno lolote juu ya wiki tatu zijazo. Mkulima aliyemwaga mbegu zake zote kwa radi ya kwanza aweza kuona mtama ukichipua vizuri, kisha jua likarudi kwa siku 20, na miche yote ikafa. Mbegu zimekwisha, ghala ni tupu, na mvua ya kweli ikija haina cha kuotesha.

Wazee wa Kigogo waliijua hila hiyo ya mbingu. Walipanda mtama na uwele, mimea ivumiliayo kiu kuliko mahindi. Waliweka akiba ya mbegu ya kupanda tena. Ng'ombe hawakuwekwa wote mahali pamoja; mtu aliwagawa kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili mvua ikikosekana hapa asife moyo, kwa kuwa labda imenyesha kule. Watemi walihesabiwa kuwa wenye ulinzi wa nchi na mvua yake, na mambo ya kupanda na kuvuna yalikuwa mambo ya watu wote pamoja. Hata nyumba yao, tembe, ilijengwa kwa kufikiri. Paa lake la miti na udongo huzuia jua la Novemba lisiingie ndani. Walakini mvua ndefu ikija, paa hilo hunywa maji na kuwa zito, na lisipotengenezwa huvuja au kuanguka. Kwa hiyo mwenye akili hulitengeneza wakati wa jua.

Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka pwani ilipita Ugogo kwenda Tabora na Ujiji. Wazungu Burton na Speke walipita humo mwaka 1857, nao Stanley alipita mwaka 1871. Kabla ya kuingia Ugogo wasafiri walivuka nyika iliyoitwa Marenga Mkali, maana yake maji machungu, na huko walitembea kwa haraka kwa kuogopa kiu. Walipofika walitozwa hongo na watemi. Wageni wengi walinung'unikia hongo hiyo. Lakini wenye nchi walijua thamani ya kisima na ya chakula mahali ambapo msafara mkubwa waweza kumaliza vyote kwa siku chache.

Jinsi desturi hizo zilivyokuwa kinga, watu walizidi kutambua zilipovunjwa. Katika Vita Kuu ya kwanza majeshi ya Wadachi na ya Waingereza yalipita Ugogo, yakatwaa ng'ombe na nafaka, yakawachukua vijana kuwa wapagazi. Ghala zikawa tupu, na mikono ya kulima ikawa haba. Kisha mvua zikakosekana. Ikaja njaa kati ya miaka 1917 na 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, yaani kunyang'anyana. Katika wilaya ya Dodoma yakisiwa kwamba mtu mmoja katika kila watano alikufa. Miaka ya jua kali ilikuwako kabla yake, na watu wakaivuka. Mara hii jua liliwakuta wamekwisha nyang'anywa akiba yao, na hiyo ndiyo sababu ya msiba kuwa mkubwa hivyo.

Sasa tuje Kongwa. Mwaka 1946, baada ya vita ya pili, serikali ya Uingereza ilihitaji mafuta ya kula. Wajumbe wakaletwa Afrika ya Mashariki, wakazunguka kwa muda wa wiki chache, wakashauri kulima karanga katika ekari zaidi ya milioni 3. Kongwa ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanza. Mwaka 1947 mitambo ikaja, na watu wengi wakaajiriwa. Lakini mvua kubwa ikaja nayo, mto Kinyasungwe ukafurika, ukachukua njia ya reli. Kiangazi kilipofika, ule udongo wa mfinyanzi ukakauka, ukawa mgumu kama tofali, hata majembe ya mitambo yakavunjika na karanga hazikung'oka ardhini. Walikusudia kulima ekari 150,000 mwaka wa kwanza. Hawakupata ila ekari 7,500 hivi. Mwaka 1949 mvua zikawa haba. Mwanzo wa mwaka 1951 shauri lote likaachwa, na fedha zaidi ya paundi milioni 35 zimepotea.

Hatusemi haya kwa kuwacheka waliokufa. Twasema kwa sababu kosa lao ni kosa la mkulima wa radi ya kwanza, ila lao lilikuwa kubwa zaidi. Waliipima nchi kwa macho ya wiki chache. Nchi kama hiyo haina budi kupimwa kwa miaka mingi, kwa vipimo vya mvua na kwa kuwauliza waliozaliwa humo.

Mwaka 1961 mbingu ilionyesha pande zake mbili kwa mwaka mmoja. Ukame ulileta njaa katika sehemu nyingi za Tanganyika, na mahindi ya msaada yakaletwa kutoka Marekani. Kisha, miezi ya mwisho ya mwaka ule ule, mvua kupita kiasi zikaanguka Afrika ya Mashariki nzima. Ziwa Victoria likapanda zaidi ya mita 2 kufikia mwaka 1964. Siku hizi wataalamu wajua ya kuwa mambo kama hayo huhusiana na joto la maji ya bahari. Bahari ya Hindi upande wetu ikipata joto kupita kawaida, unyevu mwingi huja bara, na miaka ya El Niño mara nyingi hutia nguvu hali hiyo, kama ilivyokuwa mwaka 1997.

Maji ya tufani hayaishi pale yanapoanguka. Mvua inayopiga ardhi tupu iliyochomwa na jua haiingii ndani. Hutiririka, ikachukua udongo mzuri, ikachimba makorongo. Huko Kondoa makorongo yalikuwa makubwa hata mwaka 1973 serikali ikaanzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika sehemu zilizoharibika ili majani na miti irudi. Lilikuwa jambo chungu kwa wafugaji, lakini vilima vilivyokuwa uchi vikavaa tena majani. Na maji ya Ugogo yakishuka mashariki hufuata bonde la Kinyasungwe na Mkondoa, ambamo reli ya kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910, imepita. Mwezi wa Desemba 2009 na Januari 2010 mafuriko yaliharibu reli hiyo kati ya Kilosa na Gulwe, safari zikasimama, na watu wengi wa Kilosa wakakosa makao. Mtu wa Kilosa aweza kuzama kwa maji ya wingu asilopata kuliona.

Kaskazini ya nchi hiyo, chini ya mlima Hanang, tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa iliteremsha tope, mawe na magogo juu ya mji wa Katesh na vijiji vya karibu. Watu zaidi ya 80 walikufa. Msiba huo ulikuja mwanzo kabisa wa Desemba, mwezi ambao mkulima wa nchi ya katikati huungojea kwa hamu.

Twafanyeje basi? Kazi ya kupima hali ya hewa katika Afrika ya Mashariki ilipangwa kuwa idara moja mwaka 1929. Leo Tanzania ina Mamlaka yake ya Hali ya Hewa. Kabla ya kifuku mamlaka hiyo hutoa utabiri wa mvua za msimu, nayo hutoa tahadhari tufani inapokaribia. Hayo ni maneno mawili mbalimbali. Utabiri wa msimu ni wa kumsaidia mtu kuchagua mbegu na kugawa shamba. Tahadhari ya siku ni ya kumwondoa mtu bondeni usiku ule ule. Asichanganye hayo mawili, na asidharau lolote.

Tena yako mambo machache ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya. Usimwage mbegu zote kwa mvua moja. Acha sehemu ghalani. Tengeneza paa na mifereji wakati wa jua. Usijenge katika mkondo wa mto mkavu, hata kama umekauka tangu utoto wako. Radi ikiwa karibu usisimame chini ya mbuyu ulio peke yake, wala usikae uwandani pamoja na ng'ombe. Ukitaka kujua umbali wake, hesabu tangu mmweko mpaka ngurumo. Kila sekunde 3 ni kilometa moja hivi. Ukiwa hukufika 30, umekwisha chelewa kuingia ndani.

Tembo wa Dodoma alikwenda kijitoni kwa sababu ya kiu, na katika kutuliza kiu yake akazama. Yeye hakuwa na mtu wa kumwonya. Sisi tunao wazee waliohesabu mvua kwa maisha yao yote, na tunao watu wenye vipimo. Mwaka huu radi ya kwanza itakapolia juu ya vilima vya Ugogo, tufurahi na kumshukuru Mungu, kisha tuingie ghalani tukahesabu mbegu zilizobaki.