Kukosa nikotini kwa muda mfupi na uwezo wa vijana kujizuia

Kukosa nikotini kwa muda mfupi ni kipindi kinachoanza saa chache baada ya sigara ya mwisho na kuendelea kwa siku mbili tatu za mwanzo. Mvutaji kijana anayetaka kuacha huhitaji kujizuia katika kipindi hiki kuliko wakati mwingine wowote, na papo hapo sehemu za ubongo zinazofanya kazi hiyo huelemewa. Watafiti wengi hukipima mtu akiwa amekaa bila kuvuta kwa muda wa saa 12 hadi 24, kisha humlinganisha na yeye mwenyewe siku aliyovuta kama kawaida.

Nikotini inavyoondoka

Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20. Huko hushika vipokezi ambavyo kwa asili ni vya asetilikolini, na dopamini huongezeka katika njia za neva zinazohusika na raha na mazoea. Mwaka 2006 Arthur Brody na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwa picha za ubongo kwamba kuvuta moshi mara moja au mbili hutosha kushika nusu ya vipokezi vya aina kuu inayohusika na uraibu. Sigara nzima hushika zaidi ya asilimia 88.

Ubongo unaopata nikotini kila siku huongeza vipokezi hivyo, na nikotini yenyewe haikai: kiasi kilichomo katika damu hupungua kwa nusu kila baada ya saa mbili hivi. Aliyevuta kabla ya kulala huamka nikotini karibu yote imekwisha mwilini, huku vipokezi vingi vikiwa wazi. Hapo huanza hasira za haraka, wasiwasi, kukosa utulivu, njaa, usingizi wa mang'amung'amu na akili isiyotulia mahali pamoja. Vijana wengine huiita hali hii arosto. Dalili hizi huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, halafu hupungua polepole kwa wiki mbili hadi nne. Vipokezi vya ziada huchelewa zaidi. Kelly Cosgrove wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake waliripoti mwaka 2009 kwamba hurudi katika kiwango cha asiyevuta baada ya wiki 6 hadi 12.

Kwa nini vijana

Sehemu ya mbele ya ubongo, iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo inayopima matokeo ya jambo na kusimamisha tendo lililokwisha kuanza. Huchelewa kukomaa kuliko sehemu nyingine nyingi, na huendelea kujengwa hadi mtu anapokaribia miaka 25. Njia za raha hutangulia. Kijana wa miaka 16 basi anaanza kuvuta wakati ambapo kichocheo kina nguvu na breki bado haijakamilika. Marekani, ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya mwaka 2012 ilieleza kwamba karibu watu wazima 9 kati ya 10 wanaovuta kila siku walionja sigara ya kwanza kabla ya kutimiza miaka 18 au walipofikia umri huo. Joseph DiFranza, daktari wa Massachusetts aliyefuatilia wanafunzi kwa miaka, aligundua kuwa baadhi yao walikuwa na dalili za uraibu hata kabla hawajafikia kuvuta kila siku. Dhana kwamba kijana anayevuta mara mojamoja bado ana hiari yake yote haina msingi.

Namna ya kupima

Kujizuia kunasikika kama suala la tabia, lisilopimika. Katika maabara hupimwa kwa milisekunde. Kijana hulala ndani ya mashine ya MRI, kidole kikiwa juu ya kitufe, akitazama herufi zinazopita haraka kwenye skrini. Kila herufi inataka abonyeze, isipokuwa moja, tuseme X. Kwa kuwa herufi za kubonyeza ni nyingi, kidole huzoea kwenda; X inapotokea, ubongo unatakiwa kukizuia. Kuna aina nyingine ya jaribio, la kusimama, iliyo ngumu zaidi, iliyowekewa msingi wa kihesabu na Gordon Logan na William Cowan mwaka 1984: alama ya kubonyeza hutangulia, na mara chache hufuatwa na ishara ya kusimama wakati mkono umeshaanza kuitikia. Ishara ikichelewa kidogo, kusimama kunashindikana. Kwa kusogeza muda huo mbele na nyuma, mtafiti hukadiria ubongo unahitaji muda gani kujisimamisha. Kwa kijana mwenye afya ni robo ya sekunde hivi, au chini ya hapo.

Wengine hutumia kofia yenye elektrodi zinazonasa mawimbi ya umeme ya ubongo. Wimbi moja hutokea milisekunde 200 hivi baada ya alama kuonekana na huhusishwa na kutambua kwamba kuna kitu cha kuzuia. Jingine hufuata baada ya milisekunde 300 na zaidi. Na kwa kuwa neno la mshiriki peke yake halitoshi, hupuliza kwenye kifaa kinachopima monoksidi ya kaboni katika pumzi. Aliyevuta kwa siri kabla ya kipimo hugundulika.

Yaliyoonekana

Adriana Galván na wenzake wa Los Angeles walichapisha mwaka 2011 utafiti uliolinganisha vijana 25 wanaovuta na 25 wasiovuta, wenye miaka 15 hadi 21. Katika jaribio la kusimama makundi mawili yalifanya sawasawa. Ila ndani ya kundi la wavutaji, kadiri uraibu ulivyokuwa mzito ndivyo sehemu za ubongo zinazohusika na kujizuia zilivyofanya kazi kidogo. Hili lina uzito mkubwa. Mzazi au mwalimu anayemwona kijana yuko sawa darasani na uwanjani hawezi kuona tofauti hiyo kwa macho.

Athari ya kukosa sigara yenyewe ilionekana wazi katika utafiti wa Chuo Kikuu cha Duke wa mwaka 2010, uliofanywa kwa wavutaji watu wazima. Baada ya saa 24 bila kuvuta, washiriki walikosea zaidi kuliko walipokuwa wamevuta, huku eneo la chini la paji upande wa kulia, ambalo ni muhimu sana katika kusimamisha tendo, likifanya kazi kwa nguvu zaidi. Ubongo ulijitahidi zaidi na kupata kidogo. Rotterdam, Maartje Luijten na wenzake walikuta kwamba lile wimbi la milisekunde 200 ni dogo kwa wavutaji kuliko kwa wasiovuta wanapotakiwa kuzuia.

Swali la kipi kilitangulia ni la haki. Anayezaliwa na uwezo mdogo wa kujizuia huenda ndiye anayeanza kuvuta mapema, na kulinganisha wavutaji na wasiovuta hakuwezi kulimaliza swali hilo. Kumpima mtu yuleyule mara mbili, akiwa amevuta na akiwa hajavuta, angalau huonyesha kinachotokana na saa zile za kukosa.

Mfungo na matarajio

Kemia haielezi yote. Reuven Dar, mwanasaikolojia wa Israeli, alichunguza Wayahudi washika dini ambao hawavuti siku ya Sabato, akakuta hamu yao siku hiyo ni ndogo kuliko siku ya kazi waliyozuiwa kuvuta. Baadaye, kwa wahudumu wa ndege, yeye na wenzake walikuta hamu ikipanda safari inapokaribia kwisha, iwe ndefu au fupi. Mvutaji wa Mombasa au Unguja anayefunga Ramadhani hukaa bila sigara kwa saa 13 na zaidi kila siku, mwezi mzima. Nikotini humwishia mapema sana. Lakini mlango umefungwa kwa nia, na jambo lisilowezekana halimsumbui mtu kama lililo karibu kuruhusiwa. Ugumu huja magharibi, sigara inaporuhusiwa tena.

Siku za kwanza

Wengi wanaojaribu kuacha bila msaada hurudia ndani ya siku nane, na wanaofaulu kukaa miezi sita au mwaka ni kama 3 hadi 5 katika kila 100. Kumwambia kijana aliyerudia siku ya pili kwamba hana msimamo ni kumdhulumu. Alichokosa ni msaada katika saa ambazo ubongo wake ulikuwa umebanwa zaidi, na mara nyingi sigara ilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Kenya, sheria ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, na pia kuuza pakiti yenye sigara chini ya 10. Tanzania ilikataza kuwauzia watoto kwa sheria ya mwaka 2003. Hata hivyo sigara ya mojamoja inapatikana kwenye vibanda vya mitaani. Kwa kijana aliyefikisha saa 14 bila kuvuta, sarafu chache mfukoni ni hatari kuliko pakiti nzima asiyoweza kuinunua.

Viraka na ubani wa nikotini viliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2009, kisha vareniklini na bupropioni mwaka 2021. Ushahidi wa dawa hizi umetoka zaidi kwa watu wazima. Kwa walio chini ya miaka 18 bado ni mdogo, na uamuzi ni wa daktari. Ushauri nasaha ndio unaotangulia kwao, na manufaa yake ni makubwa ukipangwa kabla ya siku ya kuacha, pamoja na mtu wa kumpigia simu jioni ya siku ya pili.