Muungo wa kikemia

Muungo wa kikemia ni mvutano wa umeme unaozishikanisha atomu. Istilahi hii imetokana na kitenzi -unga, kilichotupa pia kiungo. Lakini kiungo ni kitu chenyewe, kama goti au kiwiko, ilhali kati ya atomu zilizoungana hapana kitu cha tatu. Kile kijiti kinachochorwa vitabuni kati ya H (haidrojeni) na O (oksijeni) ni alama tu. Ndiyo maana muungo unafaa zaidi: unataja hali ya kuungana.

Kazi yote hufanywa na elektroni za tabaka la nje. Neoni, yenye elektroni 8 katika tabaka hilo, imetulia na haiungani na atomu yoyote. Mwaka 1916, Walther Kossel wa Ujerumani na Gilbert Lewis wa Marekani, kila mmoja kivyake, walieleza jinsi atomu nyingine zinavyoufikia utulivu wa namna hiyo.

Njia ya kwanza ni kupeana. Sodiamu ina elektroni 1 nje, klorini ina 7. Sodiamu ikitoa yake, hubaki na chaji chanya. Klorini ikiipokea, hupata chaji hasi. Atomu hizo zenye chaji, yaani ioni, huvutana, na huo ndio muungo wa ioni. Katika chumvi, kila ioni ya sodiamu imezungukwa na 6 za kloridi kwa mpangilio wa mchemraba, na ndiyo sababu punje ya chumvi, ukiitazama kwa lenzi, ni kijimchemraba. Mshikano huo haulegei hadi nyuzijoto 801 za Selsiasi.

Njia ya pili ni kushirikiana. Katika maji, oksijeni na kila haidrojeni huchangia elektroni moja moja na kumiliki jozi kwa pamoja: muungo wa kovalenti. Maji yakichemka, miungo hiyo haikatiki. Zinazoachana ni molekuli, na mvuke ungali maji yale yale.

Utulivu huo wa atomu zilizoungana maana yake ni kupungua kwa nishati. Atomu zikiungana hutoa nishati, kuzitenganisha kunagharimu. Kwa hiyo si kweli kwamba kukatika kwa muungo hutoa joto. Mkaa unapowaka, kuikata miungo ya zamani hula nishati. Joto la jikoni hutokana na kaboni kuungana upya na oksijeni, kwa miungo iliyo imara zaidi.