Japani inavyowalipia wanandoa vipimo vya uzazi, mradi mume naye apime

Mji wa Tokyo una utaratibu ambao ukisimuliwa huku kwetu wapo watakaodhani ni utani. Wanandoa wanaotafuta mtoto bila kufanikiwa wakienda hospitali kupimwa, serikali ya mji huwarudishia sehemu ya fedha walizotumia, hadi yeni 50,000. Kwa viwango vya miaka ya karibuni hizo ni kama laki nane za Kitanzania. Lakini lipo sharti: mke na mume wote wawili wawe wamepimwa. Mke akienda peke yake na mume akabaki nyumbani kusubiri majibu, hakuna fedha.

Tumeona tuwaandikie haya kwa kirefu kwa sababu kila tunapogusa ugumba kwenye kipindi cha afya, ujumbe unaoingia kwenye simu ya studio ni mwingi, na sehemu kubwa unatoka kwa akina mama. Wengi wameshapima, wamekunywa dawa za hospitali na za miti shamba, wameshasemwa na mawifi na mama mkwe. Ukiwauliza kama mume naye amepima, wengine hawajibu tena.

Ugumba ni wa nani?

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kuna ugumba pale mwanamke na mwanaume wanapokutana mara kwa mara bila kinga kwa miezi 12 na mimba isitunge. Ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2023 ilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita hupitia hali hiyo katika maisha yake, na tofauti kati ya nchi tajiri na nchi maskini ni ndogo sana.

Wizara ya Afya ya Japani, inapotoa elimu kwa umma, hutumia takwimu za WHO zinazogawa hivi. Katika kila nyumba 100 zilizokosa mtoto, 41 tatizo liko kwa mwanamke peke yake, 24 liko kwa mwanaume peke yake, 24 liko kwa wote wawili, na 11 sababu haikuonekana. Jumlisha 24 na 24. Karibu nusu ya nyumba hizo mwanaume anahusika.

Hapa pana jambo linalowachanganya wanaume wengi. Nguvu za kiume na uwezo wa kutungisha mimba ni vitu viwili tofauti. Mwanaume anaweza kuwa mzima kabisa katika tendo la ndoa huku mbegu zake zikiwa chache, zisizokwenda vizuri, au hazipo kabisa. Hilo halionekani kwa macho wala halihisiki mwilini. Linaonekana kwenye darubini. Hata aliyewahi kuzaa zamani anaweza kupata tatizo baadaye: matubwitubwi yaliyoshuka kwenye korodani, magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa vizuri, au mishipa ya damu iliyovimba kwenye korodani. Kwa mwanamke, sababu kubwa katika nchi zetu za Afrika ni mirija ya uzazi iliyoziba kutokana na magonjwa ya zinaa kama kisonono na klamidia, au maambukizi yaliyoingia wakati wa kujifungua au mimba ilipotoka.

Tokyo wanavyofanya

Utaratibu wa Tokyo ni wa kulipa kwanza na kurudishiwa baadaye. Wanandoa wanakwenda hospitali, wanalipa kutoka mfukoni na kutunza risiti. Mke anapimwa homoni na damu, anapigwa picha ya ultrasaundi, na mirija yake hupigwa eksirei baada ya kuingizwa dawa inayoonyesha kama njia iko wazi. Mume anapimwa mbegu. Daktari anajaza cheti kinachoeleza nani alipimwa nini na lini, kisha cheti hicho, risiti na karatasi za ukaazi hupelekwa serikalini. Vipimo vyote pamoja na matibabu ya mwanzo, kama vidonge au kuwekewa mbegu kwenye mfuko wa uzazi, vinahesabiwa ndani ya mwaka mmoja tangu kipimo cha kwanza. Siku ya kipimo hicho mke lazima awe na umri chini ya miaka 40. Msaada hutolewa mara moja tu kwa wanandoa, na hata wanaoishi pamoja bila cheti cha ndoa wanaweza kuomba.

Kwa maoni yangu, sharti la kupima wote wawili lina thamani kuliko hizo yeni 50,000. Fedha zenyewe si nyingi kwa maisha ya Tokyo. Lakini mwanaume aliyekuwa akizungusha maneno anapata sababu ya kwenda hospitali bila kuonekana amekubali kosa: anakwenda kwa sababu fomu inataka. Na mwanamke hahitaji kumbembeleza, anamwonyesha karatasi tu. Sijui ni nani aliyeliwazia sharti hilo, ila alizijua nyumba za watu.

Kutoka ruzuku hadi bima

Huo ni msaada wa mji. Serikali kuu ya Japani nayo ina wake, na umepitia safari ndefu.

Mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa nje ya mwili wa mama alizaliwa Uingereza mwaka 1978. Japani walimpata wa kwao mwaka 1983, katika Chuo Kikuu cha Tohoku. Njia hii huku kwetu tunaiita upandikizaji mimba, na hospitalini utasikia ikitajwa kwa herufi IVF. Mayai ya mwanamke hutolewa, yanakutanishwa na mbegu za mwanaume maabara, na kiinitete kikishakua siku chache hurudishwa kwenye mfuko wa uzazi. Kwa miaka mingi Wajapani walilipia kazi hiyo yote wenyewe, kwa sababu bima yao ya taifa haikuihesabu kuwa matibabu ya ugonjwa.

Mwaka 2004 serikali ilianza kutoa ruzuku. Ilikuwa ndogo, yeni 100,000 kwa mwaka, na wenye kipato kikubwa hawakuruhusiwa kuomba. Mzunguko mmoja wa upandikizaji ulikuwa unafika wastani wa yeni 500,000 hivi, kwa hiyo sehemu kubwa ilibaki kwa wanandoa. Ruzuku iliongezwa kidogo kidogo mpaka Januari 2021, ilipofika yeni 300,000 kwa kila matibabu na kikomo cha kipato kikaondolewa. Wakati huo waziri mkuu alikuwa Yoshihide Suga, aliyeingia madarakani Septemba 2020 akiahidi kuyaingiza matibabu haya kwenye bima. Ahadi ilitimia Aprili 2022, ingawa yeye alikuwa ameshaondoka ofisini.

Tangu hapo mgonjwa hulipa asilimia 30 na bima hulipa asilimia 70, kama anavyotibiwa malaria au mguu uliovunjika. Yanayolipiwa ni pamoja na kuwekewa mbegu, upandikizaji, kuhifadhi viinitete kwenye barafu, na hata upasuaji wa kutoa mbegu kwenye korodani za mwanaume ambaye mbegu hazitoki zenyewe. Tena upo ukomo wa mwezi. Bili ikizidi kiwango fulani, bima inabeba iliyobaki. Bima hiyo ilipoanza, kiwango cha mtu wa kipato cha kati kilikuwa yeni 80,000 na kidogo.

Umri una mpaka mkali. Mwanamke lazima aanze matibabu kabla ya kutimiza miaka 43. Akianza akiwa chini ya 40, bima humlipia kurudishiwa kiinitete mara sita. Akianza akiwa na 40 hadi 42, ni mara tatu. Akijifungua, hesabu huanza upya kwa mtoto anayefuata. Sababu ya mpaka huu ni kwamba mayai ya mwanamke hupungua na kuchoka kwa umri, na nafasi ya kufanikiwa hushuka haraka baada ya miaka 35. Serikali imechagua kuweka fedha pale zinapoweza kuleta mtoto. Kwa mwenye miaka 44 ni uamuzi mchungu, lakini angalau umeandikwa wazi na haumtegemei mtu anayemfahamu.

Mahali ambapo fedha haikufika

Bima ilileta na matatizo yake. Japani ina kanuni ya siku nyingi kwamba matibabu ya bima hayachanganywi na yasiyo ya bima. Daktari akiongeza dawa au njia moja ambayo bima haijaikubali, mgonjwa anaweza kujikuta analipia mzunguko mzima mwenyewe, pamoja na zile sehemu ambazo bima ingelipa. Na ile ruzuku ya yeni 300,000 ilikuwa imeshafutwa. Kwa hiyo wapo waliopata nafuu kubwa na wapo walioumia. Zipo njia mpya chache zilizopewa ruhusa ya kwenda sambamba na bima, na hizo Tokyo hurudisha asilimia 70 ya gharama, mwisho yeni 150,000 kwa matibabu.

Mbegu au mayai ya kupewa na mtu mwingine hayamo kwenye bima, wala mwanamke mwingine kubeba mimba.

Halafu kuna kazi. Matibabu haya yanataka kwenda hospitali mara nyingi, na siku hupangwa na mwili, haziwezi kupangwa na bosi. Uchunguzi wa serikali yao wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba katika kila watu 100 waliokuwa wakifanya kazi na kutibiwa, 16 waliacha kazi kwa kushindwa kuviunganisha. Mkulima au mama wa gengeni anaelewa jambo hili vizuri: nauli na siku iliyopotea ni gharama pia, na hazina risiti.

Je, watoto wameongezeka? Mwaka 2022 walizaliwa Japani watoto 77,206 kwa upandikizaji, mmoja kati ya kila kumi waliozaliwa mwaka huo. Lakini jumla ya vizazi inaendelea kushuka: mwaka 1973 walizaliwa zaidi ya milioni mbili, mwaka 2024 walizaliwa 686,061. Watu wanaoa wakiwa wamechelewa au hawaoi kabisa, na hilo haliponi kwa sindano ya homoni. Kama lengo la serikali lilikuwa kujaza nchi, bado. Kwa nyumba iliyokuwa na kilio cha mtoto na sasa anaye, hesabu ya taifa haiwahusu.

Huku kwetu uanzie wapi

Afrika Mashariki upandikizaji si kitu kigeni. Uganda walipata mtoto wa kwanza wa njia hiyo mwaka 2004, Kenya mwaka 2006. Gharama yake ndiyo iko juu ya uwezo wa wengi wetu. Ndiyo maana swali la kwanza lisiwe bei ya upandikizaji. Wengi hawaufikii kwa sababu tatizo lao ni dogo kuliko hapo: maambukizi yanayotibika, homoni inayorekebishwa kwa vidonge, au siku za kukutana zinazokosewa.

Kama una kadi ya bima, nenda kwenye ofisi yao au uliza hospitalini kabla hujalipa: kipimo cha mbegu kinalipiwa? Ultrasaundi? Picha ya mirija? Usiulize kwa neno moja tu, kama ugumba unalipiwa, kwa sababu unaweza kujibiwa hapana wakati kipimo kimojakimoja kinaruhusiwa. Tunza risiti na majibu yote, hata ya zamani, ili ukihamia hospitali nyingine usianze upya kulipia kipimo ulichokwisha kufanya. Mwenye miaka 35 au zaidi asisubiri miezi 12. Baada ya miezi sita aende.

Na baba, kipimo chako ndicho rahisi kuliko vyote. Hakina kisu wala sindano. Kaa bila kukutana na mwanamke siku mbili hadi saba, si chini wala zaidi. Manii hutolewa kwa mkono kwenye kikopo safi cha hospitali, bila kondomu ya kawaida wala mafuta, kwa kuwa vinaweza kuua mbegu. Kama umeruhusiwa kutolea nyumbani, kikopo kiwe karibu na mwili wako kisipate baridi, na kifike maabara ndani ya saa moja. Anayeishi mbali na hospitali aombe chumba hukohuko. Majibu yakiwa mabaya, kipimo hurudiwa baada ya wiki kadhaa kabla ya kusema lolote, maana homa kali uliyougua miezi miwili iliyopita inaweza kuwa ndiyo iliyopunguza mbegu.