Neno "Monsoon": Msimu Uliogeuzwa Upepo

Mwanafunzi wa Kiingereza aghalabu hufundishwa kuwa "monsoon" ni pepo za Bahari ya Hindi, au mvua kubwa ziandamanazo na pepo hizo huko Bara Hindi. Maelezo hayo si potofu, ila yanalidaka neno mwishoni mwa safari yake. Asili yake ni mawsim ya Kiarabu, iliyotokana na mzizi wenye maana ya kutia alama, kama mfugaji atiavyo mnyama chapa. Mawsim ni wakati uliotiwa alama: wa hija, wa soko, na kwa manahodha, wa kung'oa nanga. Ahmad ibn Majid, bingwa wa elimu ya bahari wa karne ya 15, alilitumia kwa nyakati zifaazo kuondokea bandari hii au ile. Halikuwa jina la upepo.

Wareno waliifahamu tofauti hiyo kwa gharama kubwa. Mnamo Aprili 1498 Vasco da Gama aliondoka Malindi pamoja na rubani aliyepewa huko (dai kwamba rubani huyo ndiye ibn Majid limekataliwa na wataalamu wengi), na katika muda usiotimia mwezi akafika Calicut. Wakati wa kurudi hakungoja kaskazi. Aliiacha pwani ya India mwezi wa Oktoba, akasumbuka baharini karibu miezi mitatu huku kiseyeye kikiwamaliza mabaharia wake. Alipotia nanga Malindi, Januari 1499, waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu zote. Muda mfupi baadaye São Rafael ikachomwa moto. Bahari ilikuwa ile ile. Kilichokosewa ni mawsim.

Katika Kireno neno likawa monção, nalo bado lilibeba maana ya wakati wa kusafiri. Kiingereza kililipokea mwishoni mwa karne ya 16, na Edmond Halley alipochapisha makala yake kuhusu pepo za bahari mwaka 1686, lilikwisha kuwa jina la pepo zenyewe.

Kiswahili nacho kilikopa mawsim, lakini bila kupitia kwa Wareno, kikapata msimu. Kwa kuwa pepo zilikuwa na majina yake, kaskazi na kusi, msimu haukuhitajika kuziba pengo lolote, ukabaki kuwa wakati. Ndipo mfasiri wa "monsoon" anapolazimika kuandika "pepo za msimu", akitumia maneno mawili mahali ambapo Kiingereza kimeumeza wakati ndani ya upepo.