Mambo ya Kuzingatia Unapochagua Matairi Mapya ya Lori

Katika Kata ya Nkoma, Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, barabara nyingi za vijijini hupita kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hunata na kuteleza mvua inyeshapo. Lori lililosheheni mazao likivaa matairi yasiyofaa huweza kukwama au kupinduka, hivyo kuhatarisha maisha ya watu na jasho la mkulima.

Mnunuzi anashauriwa kuzingatia yafuatayo:

Kashata: Kwa magurudumu yanayosukuma lori, chagua tairi lenye kashata nene zilizoachana, ili matope yajitoe gurudumu linapozunguka.

Alama: Herufi M+S humaanisha matope na theluji. Alama ya mlima wenye chembe ya theluji ni ya matairi ya nchi za baridi. Mpira wake ni laini na huisha haraka kwenye joto. Hayo hayafai Simiyu.

Uzito: Namba 156/150 humaanisha tairi hubeba kilo 4,000 likiwa peke yake, na kilo 3,350 likifungwa pacha.

Umri: Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT huonesha wiki na mwaka wa kutengenezwa. Kwa mfano, 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024.

Aidha, pima upepo kabla ya safari, matairi yakiwa hayajapata joto. Hata tairi jipya halihimili mzigo uliozidi kiwango chake.